Jabali Lilikuwa na Njia

Kilichoninyima usingizi kwa siku nne ni sentensi moja ya Kiingereza ambayo nilikuwa nimekwisha kuitafsiri vizuri. Ilisema kwamba kabla ya waungwana watatu wa chama cha wapanda milima kulipanda jabali lililo juu ya kijiji chetu, hakuna binadamu aliyewahi kulipanda.

Nilikuwa karani mpya katika ofisi ya serikali mjini Moshi, nimetoka chuoni Kampala mwaka huohuo, mwezi wa tano wa majaribio. Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, alinipa barua ya chama kile niiweke katika Kiswahili ili isomwe barazani. Chama kiliomba jabali lizungushiwe waya, na yeyote atakayetaka kulipanda aombe kibali kwao. Hoja yote ilisimama juu ya sentensi ile: jabali halikuwa na mwenyewe, wao ndio waliolifungua. Chini ya tafsiri nilitakiwa kutia sahihi kwamba maneno hayo ni ya kweli.

Nilijiambia kwamba karani hathibitishi jambo, anathibitisha maneno. Halafu nikajiuliza nani barazani atakayejua tofauti hiyo. Halafu nikajiuliza kama mimi mwenyewe naijua. Juu ya jabali lile, kwenye kibaraza cha mawe ambapo maji ya mto hutulia kabla ya kuanguka, ndipo ulipo mdomo wa mfongo wetu, ule mfereji unaonywesha migomba na kahawa ya mtaa mzima. Kila baada ya mvua kubwa mdomo huziba, na lazima mtu apande akauzibue. Waya ukiwekwa, mtu huyo ataanza kwa kuandika barua ya kuomba ruhusa, na migomba itamsubiri.

Na kila nilipofika hapo katika mawazo yangu nilimwona mtu mmoja. Kwa kweli niliiona miguu yake.

Vidole vya miguu ya Mzee wa Mfongo havikuwa vimelala pamoja kama vyangu na vyako. Kila kimoja kilitazama kwake, kama ndugu waliogombana juu ya shamba. Ngozi ya chini ilikuwa ngumu kiasi kwamba alikanyaga kaa la moto jikoni kwetu na mama ndiye aliyenusa kwanza. Jumapili alikuwa na viatu, buti nzito za Kizungu zenye misumari chini. Alizifunga kwa kamba zake, akazining'iniza shingoni kutoka nyumbani hadi mlango wa kanisa, akazivaa hapo, akatembea hadi benchi la mbele kwa kishindo kilichomnyamazisha mchungaji, na ibada ilipokwisha akazivua palepale mlangoni. Buti hizo alipewa na wale waungwana watatu. Nitafika huko.

Simwiti kwa jina, na sababu yake nitaieleza. Kwetu kila mfongo una mzee wake. Yeye ndiye anayepiga pembe ya kuita watu kusafisha, ndiye anayegawa maji, nyumba hii alfajiri, ile mchana. Nyumba yetu ilipata Jumanne na Ijumaa, tangu kukamua ng'ombe hadi jua la saa sita. Nilipokuwa mdogo nilidhani maji yanamtii. Nilipokua nikagundua kwamba ni watu ndio waliomtii, na kwamba hilo ni gumu zaidi.

Alikuwa mkali hadi kuudhi. Shemeji yake, mume wa dada yake, hakuja siku ya kusafisha mfongo, akasingizia mgongo. Mzee akafunga maji ya nyumba ile kwa wiki mbili, kama sheria ilivyotaka. Lakini kila asubuhi kwa wiki hizo mbili alionekana akipanda kwa dada yake na mtungi begani, amemchotea mtoni yeye mwenyewe, ili apate maji ya kupikia. Anautua jikoni, anamsalimu dada yake, anampita shemeji uani kama anayepita kisiki. Mama yangu alimwambia hiyo ni kazi ya kipumbavu, si angefungua tu mfongo. Alijibu kwamba mtungi ni wake na mfongo si wake.

Mtu huyo aliyelipanda jabali peku aliogopa ngazi. Si utani. Bati la kanisa lilipotoboka aliombwa apande kwa kuwa ndiye mpandaji, akakataa mbele ya wazee wote. Alisema ngazi imetengenezwa na fundi, na fundi anaweza kuwa mvivu, lakini jiwe halikupigwa misumari na mtu. Aliogopa pia lori. Kwenda Himo mnadani alitembea, kurudi alitembea, na lori la Mhindi lililojaa watu wa mtaa lilipompita wakimpigia kelele apande, aliwapungia mkono kama anayeaga maiti.

Na alikuwa mwongo. Lazima niseme, maana hili ndilo lililonisumbua kuliko yote. Alikuwa na hadithi ya chui aliyekutana naye kwenye bonde la mto, na chui huyo alikua kila mwaka. Nilipokuwa darasa la pili alikuwa kama mbwa. Nilipokwenda sekondari alikuwa amefikia ndama. Nilipokuwa likizo kutoka Kampala nikamkumbusha ukubwa wa mwanzo, akanitazama kwa huruma, akasema, "Na wewe ulikuwa mdogo, sasa umekua. Kwa nini chui asikue?"

Basi nilikuwa na shahidi wa namna hiyo. Maana habari ya njia ya jabali nilikuwa nimeisikia kwake tangu utoto, na kwa wengine waliokubali kwa vichwa huku wakinywa mbege, pombe yao ya ndizi. Lakini wengi wao walikuwa wamesikia kwake.

Habari yenyewe alivyoisimulia ni hii. Zamani mdomo wa mfongo ulikuwa chini ya jabali. Wajerumani walipokwisha kuondoka na Waingereza kuingia, ikaja mvua iliyong'oa ukingo wote wa mto, mdomo ukaenda na maji. Migomba ikaanza kukunja majani. Wazee wakasema maji yachukuliwe juu, pale kwenye kibaraza, yaletwe kwa magogo yaliyochimbwa katikati, yaliyopangwa ukutani mwa jabali. Kila mtu alikubali kwamba ni shauri zuri na kila mtu alitazama pembeni. Kufika pale hapakuwa na njia nyingine ila jiwe lenyewe.

Mzee alikuwa kijana. Alijaribu pamoja na rafiki yake, mtu mrefu mwenye mikono mirefu, ambaye kila mtu aliona ndiye atakayefika. Yule mrefu alianguka siku ya tatu, akavunjika nyonga, akachechemea hadi kufa kwake. Mzee alisema aliangushwa na mikono yake, maana aliiamini kuliko miguu. Baada ya hapo alipanda mwenyewe, kidogo kidogo, majira yote ya kiangazi, na kila alipopata pa kushika alipapa jina ili watakaomfuata waelekezwe. Mahali pa kwanza ni Goti, kwa kuwa hapo unapiga goti utake usitake. Pa pili ni Kwa Mwalimu. Mwalimu wa shule ya misheni alitaka kuwaonyesha wanafunzi kwamba haogopi, akafika hapo, akashindwa kwenda mbele na kurudi, akaimba nyimbo za kanisani tangu asubuhi hadi alipoteremshwa kwa kamba ya ngozi ya ng'ombe. Pa tatu, pabaya kuliko pote, ni Mama Mkwe, kwa sababu jiwe limetokeza na ili upite lazima ugeuze uso upande wa bonde. Huruhusiwi kumtazama, alisema Mzee, unapita kwa adabu na upesi.

Kutoka kibarazani hadi kileleni, alisema, hata mbuzi anafika.

Katika barua ya chama, Kwa Mwalimu pana jina la mwanasheria mmoja wa Nairobi, na Mama Mkwe pana jina la mke wa mtu.

Waungwana wale walikuja miaka mingi baadaye, na kamba, nyundo na misumari mikubwa ya chuma yenye tundu kichwani. Mzee alichukuliwa kama mpagazi. Kwa maneno yake, walimtanguliza atazame kama kuna nyoka, akapanda na birika lao la chai mgongoni, akawasubiri kibarazani hadi akachoka kusubiri, akawasha moto. Kwa maneno ya barua, wapagazi walingoja chini. Walimpa zile buti kwa kumshukuru.

Hakulalamika kamwe juu ya hilo. Alifanya jambo lingine. Walipoondoka, alipanda na nyundo yake, akaanza kung'oa misumari yao, mmoja kila alipokwenda kuzibua mdomo. Nyumbani kwake nimeiona kwa macho yangu tangu nikiwa mtoto, imepigwa kwenye nguzo, vibuyu vya maziwa vimening'inia kwenye tundu zake, jembe kwenye mmoja, kofia kwenye mwingine. Chama kilikuja tena kupigilia mingine, na vibuyu vikapata nafasi zaidi. Nilimuuliza siku moja kama huo si wizi. Alisema wamesahau vyombo vyao kwetu, anawatunzia, na wakija kuuliza atawapa vyote na maziwa juu.

Hawakuja kuuliza.

Jumamosi ya wiki ile ya barua nilitoka mjini nikapanda nyumbani. Nilikuwa nimebeba tafsiri ndani ya mkoba, haina sahihi. Nilipofika kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la ukoo, nikasimama. Kuna mstari wa masale pale, ile mimea ya majani marefu ambayo kwetu hupandwa mipakani, na ambayo mtu humpelekea mwenzake jani lake anapoomba msamaha. Nimepita kwenye masale yale kila siku ya utoto wangu. Nikakumbuka kwamba ndani ya barua waungwana walieleza kibaraza walivyokikuta siku ile ya kwanza, wakaandika kwamba palikuwa na mimea ya majani marefu imejipanga mstari mmoja ulionyooka, wakataja jina lake la Kilatini, wakasifu jinsi mwitu unavyojua kupamba. Mimi nilikuwa nimetafsiri: majani marefu ya porini. Nililitafuta jina la Kilatini katika kamusi ya ofisini, nikasoma maelezo yake kwa makini, nikaandika majani ya porini. Mimi, mtoto wa kihamba.

Mama alinikuta nimesimama palepale akaniuliza kama nimesahau njia ya kuingia. Nilimweleza yote. Alikuwa akichambua kahawa, na hakuacha kuchambua. Alisema kazi ile amenisomeshea kwa punje hizo alizoshika, nisiiache ovyo. Kisha akasema pia kwamba Ijumaa iliyopita maji yalikuwa machache.

Kesho yake baada ya kanisa nilimfuata Mzee. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, alitembea kwa fimbo, na buti hazikuwa shingoni tena. Alisema zimekuwa nzito au shingo imekuwa nyembamba. Nilimwamkia.

"Marahaba, msomi. Mbona uso kama wa mtu aliyemeza mbegu ya parachichi?"

Nilimsomea barua. Alicheka kwenye habari ya wapagazi waliongoja chini, akataka niirudie habari ya waya. Nilipofika kwenye masale nikamuuliza ni nani aliyeyapanda. Alisema ni yeye na wenzake wawili, wote wamekufa, siku maji yalipoingia kwenye gogo la kwanza, kuonyesha kwamba kuanzia hapo ni mfongo wa watu. Nikamwambia nataka kuwa na hakika. Labda yaliota yenyewe. Labda ni ndege walioleta mbegu.

"Ndege gani anapanda mstari?"

Nikasema mimi namwamini, lakini barazani wataniuliza kama nimeona. Alisimama kwa fimbo, akaanza kutembea kuelekea mtoni. Nilidhani amekasirika. Tulipofika chini ya jabali alikaa kwenye jiwe, akanyoosha magoti yake mabovu, akaniambia nivue viatu.

Nilimweleza sababu zote za kutopanda. Nilikuwa nimevaa suruali ya kanisa. Sijawahi kupanda. Mvua ilikuwa imenyesha juzi. Nikianguka, ushahidi utaanguka pamoja nami. Alizisikiliza zote hadi mwisho, kwa adabu.

"Umemaliza?" akasema. "Haya. Mguu wa kulia kwenye ule ufa unaofanana na mdomo."

Sitajifanya shujaa. Kwenye Goti nilipiga goti na nikabaki hapo. Mzee alikuwa chini akinielekeza bila kupaza sauti, mguu huu, sasa mkono, si hapo, hapo ni pa warefu. Ajabu ni kwamba kila alipotaja mahali, palikuwapo. Hakunitajia ufa ambao haukuwapo wala kishikio kilichohama. Mtu ambaye chui wake hakuwa na kipimo alikuwa na kipimo cha kila kidole juu ya jiwe ambalo hakuligusa kwa miaka kadhaa. Kwa Mwalimu nilielewa kwa nini mwalimu aliimba.

Kwa Mama Mkwe nilikwama. Kifua kilikuwa kwenye jiwe, uso kwenye jiwe, na jiwe lilinisukuma nje. Nikamwambia siwezi.

"Unafikiri," akasema kutoka chini.

"Ndiyo, Mzee."

"Unafikiri kwa mikono. Fikiri kwa miguu. Geuza uso, mwanangu, usimtazame mkweo."

Niligeuza uso. Nikaona bonde lote, migomba yetu, moshi wa jikoni kwa mama, na mbali kule chini tambarare ikielekea Himo. Mguu wangu wa kushoto ulitembea wenyewe ukapata shimo dogo, laini, la duara, ambalo maji hayawezi kulichimba namna ile. Lilikuwa limechongwa kwa chuma. Ukubwa wake ulikuwa wa vidole vya mguu mmoja peku, buti isingeingia.

Kibarazani niliyakuta. Masale kumi na moja, mstari mmoja, shina la kila moja nene kuliko mkono wangu, na kwenye mashina makovu ya panga ya miaka mingi, moja juu ya jingine, ya watu waliopita kuyapunguza. Pembeni, chini ya magogo mapya, kulikuwa na gogo la zamani lililooza, bado umbo lake la mfereji linaonekana, limeota kuvu. Maji yalikuwa yakipita karibu na miguu yangu, machache, kwa kuwa mdomo ulijaa matawi. Nikapiga magoti nikauzibua. Sikufanya hivyo kwa ajili ya ushahidi. Nilikuwa nimefika pale, na ndivyo inavyofanywa na aliyefika.

Kushuka kulichukua muda mrefu kuliko kupanda na sitakueleza. Nilipokanyaga chini suruali ilikuwa imechanika gotini na Mzee alikuwa akiyatazama maji yaliyoongezeka kwenye magogo. Nikamwambia sasa nitaandika. Nitaandika kwamba yeye ndiye wa kwanza, jina lake na la baba yake, na kwamba njia ile ni yake, iitwe kwa jina lake badala ya mke wa mtu.

Nilidhani atafurahi. Alinikemea kama alivyowakemea waliokosa siku ya kusafisha.

"Ukiniandika mimi, wataningoja nife. Nikifa watasema mwenye njia amekwisha, leteni waya. Andika mfongo. Mfongo haufi kama unasafishwa."

Nikamwambia basi dunia haitajua. Akauliza dunia inakunywa maji ya mfongo gani. Kisha akaniomba mkono, nikamwinua, tukarudi polepole, naye akaniambia kwa njia kwamba kwa Mama Mkwe nilikaa muda mrefu kuliko mkwe yeyote aliyewahi kumwona.

Ndiyo maana simtaji. Si kwamba nimesahau jina lake.

Usiku ule bado nilihesabu. Majaribio ya mwezi mmoja zaidi. Mama na punje zake. Uwezekano kwamba Bwana Shauri ni rafiki wa mmoja wa wale watatu, jambo ambalo nilijua ni kweli. Uwezekano kwamba baraza lingeshinda bila mimi, au lingeshindwa pamoja nami. Nilijaribu kupata sababu moja ya kutia sahihi ambayo ningeweza kuisema kwa sauti mbele ya mdomo ule wa mfongo. Nilizipata sababu nyingi, lakini hakuna niliyoweza kuisema.

Jumatatu nilimpelekea Bwana Shauri karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa tafsiri, imesahihishwa, pale palipokuwa na majani ya porini nimeandika masale, na mahali pa sahihi pakiwa peupe. Ya pili ilikuwa yangu mwenyewe. Ilianza hivi: Mimi nimelipanda jabali hili peku, kwa njia ya watu wa mfongo, ambayo ilikuwapo kabla ya chama. Nilieleza Goti, Kwa Mwalimu na Mama Mkwe, shimo la vidole, masale na makovu yake, gogo lililooza. Nikaandika kwamba waungwana wenyewe waliyakuta masale siku yao ya kwanza, na kwamba wameshuhudia bila kujua. Sikumtaja Mzee. Chini nilitia sahihi kwa majina yangu yote, la baba, la ukoo, na la kijiji, ili kama kuna wa kutafutwa nitafutwe mimi.

Alizisoma akiwa ameketi, mimi nimesimama. Aliniuliza kama nakumbuka kwamba bado niko katika majaribio. Nikasema nakumbuka. Akaikunja ya pili mara moja, akaisukuma kwa kidole hadi ukingo wa meza upande wangu, akasema kwa upole kabisa kwamba naweza kuichukua sasa, na kwamba hakuna atakayejua iliwahi kuletwa.

Niliikunjua, nikaisukuma irudi kwake. Kisha nikaenda mezani kwangu, nikachukua karatasi safi, nikaanza kuandika nakala ya pili, ya kusomwa barazani.